Kovu Kwenye Fremu

Jumanne, 4 Machi

Tumekubaliwa. Mdogo wangu alinipigia kutoka hospitalini, anakofanya kazi ya kupokea simu, akasema neno hilo moja, akakata. Mtu ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hazimiki, leo kasema neno moja tu! Nilikuwa na misumari midomoni, navalisha kochi la mteja kitambaa kipya, nusura niimeze.

Niandike hapa nisije nikadhani nimeota. Tarehe kumi na mbili mwezi ujao tunapanda ndege kwenda kwenye mashindano ya baiskeli za watu wawili, mbele anayeona, nyuma asiyeona. Mbele mimi, nyuma Redio. Miaka mingi tumeomba na kila mara tumeambiwa tusubiri. Waandaaji wameeleza wazi kwamba hawana baiskeli ya kuazimisha. Usipokuja na yako, utakaa jukwaani upige makofi. Yetu aliiunda marehemu baba, mwaka ule Redio alipopoteza macho kwa homa, akiwa darasa la pili. Aliiunda kubwa, tukakua tukaijaza. Hapa mjini hakuna nyingine yenye viti viwili, labda ipo lakini mimi sijaiona.

Kwa hiyo kazi ni moja, baiskeli ipande ndege. Nimeshawapigia watu wa mizigo. Dada aliyepokea kasema baiskeli wanachukua, mradi iwe ndani ya sanduku au begi, pedali zimefunguliwa na upepo umetolewa magurudumuni. Basi. Kumbe rahisi hivi.

Mvua imeanza leo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hatukufanya mazoezi. Mama kaenda kumtazama mzazi mtaa wa pili (ukunga ameuacha kikazi, lakini ukunga haujamwacha yeye) na karudi kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi magotini. Nikamwambia angepanda pikipiki. Kasema miguu haijawahi kumwacha njiani.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu ni seremala, na seremala ukimweleza shida yako, hata iwe ya jino, atakutafutia ubao. Nilipomwambia habari ya sanduku hakumaliza hata chai. Paa la karakana yake linavuja, kwa hiyo kahamishia mbao sebuleni. Baiskeli tunaihifadhi chumbani kwa Mama, ndicho chumba pekee ambacho dari yake bado ina heshima. Kaitoa huko, kailaza sakafuni, naye kalala kando yake akaipima mbele, nyuma, juu, mpaka Mama akauliza kama anashona gauni la harusi.

Baiskeli moja ya kawaida ukiitoa magurudumu inaingia popote. Hii yetu ni ndefu kuliko mume wangu akinyoosha mikono juu.

Jumapili, 9 Machi

Mbao, mbao, mbao. Tumekula tumesimama.

Alhamisi, 13 Machi

Sanduku limekamilika, na haki ya Mungu ni zuri. Pembe zimeumana bila msumari hata mmoja, kifuniko kinateleza chenyewe, na ndani kuna vijigogo vya kushika kila kitu mahali pake. Kuna hata kimoja kidogo cha kukaa katikati ya uma wa mbele, ili mzigo wa watu wengine usiubane ukapinda. Redio alilipapasa lote, ndani na nje, akasema, "Shemeji, nikifa nizikeni humu."

Mume wangu alicheka kwa raha. Kisha tukalibeba kulitoa nje.

Mlango wa sebule yetu unafungukia kwenye korido, na korido inakata kona. Sanduku halikati kona. Tulilisimamisha, likagonga dari. Tukalilaza ubavu, likauma ukuta na kung'oa rangi. Dirishani kuna nondo. Tulilisukuma, tukalivuta, Redio akitoa maelekezo kama mtangazaji wa mpira: "Kulia! Sio kulia kwangu, kulia kwenu! Goli!"

Mama alitoka chumbani kwake, akasimama, akatazama kwa jicho la mkunga.

"Huyo amelala mkingamo," akasema. "Hatoki huyo bila kisu."

Redio aliketi chini kwa kicheko. Mimi nilimtazama mume wangu nikakimeza changu. Alikuwa ameshika ile kona ya sanduku kama mtu anayeshika bega la mwanawe aliyefeli mtihani.

"Baiskeli niliipima," akasema. "Nyumba sikuipima."

Kulivunja hakutaka, na mimi sikuwa na moyo wa kumwomba. Limebaki sebuleni. Tumekula tumelikalia.

Jumamosi, 15 Machi

Ubao umeshindwa, sasa ni zamu ya sindano. Hili ningelianza mimi tangu mwanzo. Nina turubai zito lililobaki kwenye kazi ya viti vya hoteli, nina sponji la kila unene, nina uzi ambao ng'ombe hawezi kuukata. Begi likikataa kukata kona linakunjwa. Mwanamke anayevalisha makochi atashindwaje kuvalisha baiskeli?

Jumatatu, 17 Machi

Nimeshona. Kidole kimevimba.

Jumatano, 19 Machi

Begi tayari, na leo tumelijaribu. Nilimwambia mume wangu ajifanye mpakia mizigo wa uwanja wa ndege aliyegombana na mkewe asubuhi. Alikubali haraka kupita kiasi. Alilibeba hadi kibarazani, akalitupa chini, akashuka, akalivuta kwenye matope, akalitupa tena.

"Na hii ni ya kona," akasema, akalitupa mara ya tatu.

Kufungua ndani, fremu nzima, uma mzima, ila kile chuma kidogo kinachobeba gia ya nyuma kimepinda. Tumekinyoosha. Hapo nitaongeza sponji, sioni tatizo. Nilikuwa naimba. Redio alikuwa akikunja begi pamoja nami, akasimama katikati ya kukunja.

"Dada."

"Sema."

"Yule wa mizigo. Ulimwambia ni ya watu wawili?"

Nikaacha kuimba.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepiga tena. Ni dada yule yule, sauti yake naijua sasa. Nikamweleza ni baiskeli ya viti viwili. Nikasikia anageuza kiti.

"Ina urefu gani?"

Nikamtajia, tena bila magurudumu.

"Dada yangu, mwisho wetu ni mita mbili. Zaidi ya hapo mlango wa mizigo hauruhusu, hata iwe ya dhahabu."

Imezidi kwa mkono mzima. Sanduku lingezidi, begi limezidi. Wiki mbili tumehangaika na kitu ambacho simu moja ingetuambia siku ya kwanza. Nimekaa juu ya sanduku la mume wangu nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Mama alikuwa akichambua mchele. "Mficha uchi hazai," akasema.

"Sikuficha, Mama. Hakuniuliza ni ya watu wangapi."

"Hakukuuliza, na wewe hukuuliza." Kaendelea na mchele wake.

Tutakwenda. Sijui vipi, lakini jukwaani sikai.

Jumapili, 23 Machi

Leo nilimwita jirani yetu anayechomelea mageti. Tunamwita Cheche, nyusi zake zimeungua nusu. Niliitoa baiskeli koridoni, akainama, akaizunguka.

"Mbele na nyuma vimeunganishwa na mabomba matatu tu," akasema. "Nikate yote matatu. Kila penye mkato niweke vipande viwili vya bomba nene, kimoja kinaingia ndani ya mwenzake, vinakazwa kwa spana. Mkifika mnaunga, mnapanda. Unakuwa na mizigo miwili midogo, kila mmoja katoni ya kawaida ya dukani."

"Itashika?"

"Geti la benki limeshika."

Katoni mbili! Kitu ambacho ubao na sindano vimeshindwa, msumeno utakimaliza kwa asubuhi moja. Cheche akatoa chaki, akaanza kuweka alama. Redio alikuwa amechuchumaa pembeni, kidole kwenye bomba la juu, pale penye mwinuko ambao yeye huuita kovu. Tangu utotoni haketi kitini kabla hajaligusa. Mimi husema ni ushirikina, yeye husema ni kupiga hodi.

"Hapa utakata?" akauliza.

"Karibu na hapo," Cheche akasema.

Hakusema kitu zaidi, na Redio asiposema kitu ujue kuna jambo. Lakini mimi nilikuwa nimeshashika gia. "Kesho asubuhi uje na mashine," nikamwambia Cheche.

"Nani kasema kesho?"

Mama alikuwa mlangoni kwake. Sikujua amesimama kwa muda gani. Aliitazama ile chaki.

"Baiskeli hii haikatwi," akasema. Akaishika usukani, akairudisha chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo.

Jumatatu, 24 Machi

Cheche alikuja na mashine. Akarudi na mashine.

Jumanne, 25 Machi

Mama hasemi na mimi. Redio kajaribu kumchekesha mezani, Mama kamwambia ale. Ufunguo kaufunga kwenye pindo la nguo yake.

Namwelewa na simwelewi. Baba amefariki mwaka wa kumi na moja sasa, na kila anayeingia nyumba hii huambiwa, "Hii aliiunda kwa mikono yake." Mama husikiliza, hasemi. Nadhani kaigeuza baiskeli kuwa kaburi, na kaburi halisafirishwi. Lakini mtoto wake aliye hai je?

Alhamisi, 27 Machi

Mvua usiku na mchana. Nimemwomba mume wangu afungue bawaba za mlango wa Mama wakati ameenda sokoni.

"Mlango wa mama mkwe?" akasema. "Nimeshindwa kutoa sanduku kwenye sebule yangu, niende kutoa baiskeli chumbani kwake?"

Nimemwita mwoga. Kanikumbusha kwamba hata mimi sijagonga.

Ijumaa, 28 Machi

Kweli sijagonga. Kesho.

Jumamosi, 29 Machi

Nitaandika yote, hata kama mkono utakufa ganzi.

Mchana mvua ilizidi na dari ya Mama nayo ikavunja heshima yake. Nilimsikia akiburuta kitanda. Kisha mlango ukafunguka na akaita, si jina langu, "Ndoo!" tu. Nikachukua ndoo, nikaingia, maneno yangu yote nimeyapanga tayari.

Alikuwa amesogeza baiskeli mbali na matone na alikuwa akiifuta kwa kitambaa. Nyuma tu. Mbele alikuwa hajagusa, na mbele ndiko kulikokuwa kumelowa zaidi. Nikaweka ndoo. Nikaona pale alipokuwa akisugua, kwenye bomba chini ya kiti cha Redio, rangi nyeusi imebanduka. Chini yake kulikuwa na kijani.

"Mbona kijani?" nikauliza. Sicho nilichokuwa nimekuja kusema.

"Kwa sababu ilikuwa ya kijani," Mama akasema. "Ilikuwa yangu."

Sikuelewa. Akaketi kitandani.

"Ulidhani baba yako aliichuma mtini? Alichukua yake, akachukua na yangu. Ile ya kijani niliyopewa hospitalini ya kuendea kuzalisha. Ulikuwa mdogo lakini si mdogo sana, huikumbuki?"

Nikaikumbuka pale pale. Kengele yake, na kikapu cha mbele chenye mkoba mweupe wa kazi. Sikuwahi kujiuliza ilikwenda wapi.

"Siku hiyo nilirudi kazini nimechoka," akasema. "Nikaiegemeza ukutani, nikalala. Nilipoamka imelala uani vipande viwili, na yeye kashika msumeno, anatabasamu. 'Nimepata la kufanya kwa mtoto,' akaniambia."

"Ungemkatalia?"

"Nimkatalie?" Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mtu mwenye akili. "Mtoto wangu haoni, anakaa ndani siku nzima anahesabu hatua za watu. Ningemshikia fremu mimi mwenyewe akate! Ningempa na kengele. Lakini hakuniuliza." Akakunja kitambaa. "Watu wakaja kutazama. Baba gani huyu, jamani, mikono ya dhahabu. Nikawapikia chai. Kesho yake nikaenda kazini kwa miguu."

Maji yakawa yanadondoka ndani ya ndoo. Miaka yote nimekuwa nikisema Mama anapenda kutembea. Nimewaambia wateja, nimemwambia mume wangu, kwa kujisifu kabisa: mama yangu anapenda kutembea.

"Halafu juzi," akasema, "natoka chumbani nakuta mnaichora chaki. Wewe, na mdogo wako, na huyo asiye na nyusi. Mlangoni kwangu. Umepanga hadi saa ya kuja mashine. Nikasema, hee, kumbe tabia hii ni ya damu."

Yale maneno yangu niliyopanga yalikuwa juu ya baba, na baba hakuwa na kesi hapa.

"Mama." Ni Redio, amesimama mlangoni, sijui tangu lini, yeye husikia kupitia ukuta. "Kovu ndipo hapo ilipoungwa?"

Mama aliinuka, akamshika kidole, akakiweka pale kwenye mwinuko. Akakivuta polepole kuelekea nyuma, mpaka kwenye gurudumu.

"Kuanzia hapa mpaka hapa," akasema, "ni mimi."

"Kumbe siku zote nakalia yako," Redio akasema, na sauti yake haikuwa ya redio hata kidogo.

Basi nikafanya nililopaswa kulifanya kabla ya sanduku, kabla ya begi, kabla ya chaki. Nikamwambia, "Mama, tunaomba ruhusa tuikate baiskeli yako."

Ningependa kuandika kwamba alilia au alitukumbatia. Alichukua tambara akaanza kukausha sakafu.

"Nitafikiri," akasema.

Jumapili, 30 Machi

Anafikiri. Kaenda kwa mzazi, karudi, kala, kalala mchana. Nadhani anaonja utamu wa kusubiriwa, na nani atamlaumu? Jioni kapita sebuleni, kaweka ufunguo juu ya sanduku.

"Mwiteni asiye na nyusi. Na nitaishika mimi."

Jumatatu, 31 Machi

Imekatwa.

Cheche alisema kovu lenyewe ni gumu, bora akate kando yake kidogo, upande wa mbele. Mama, mikono miwili kwenye fremu, akasema, "Mbele ni kwa marehemu. Katia huko huko, na yeye alipe."

Bomba la tatu lilipoachia, Mama alibaki na nusu yake mikononi. Aliiinua kidogo, kama anayepima mtoto kwa mkono kabla ya mizani, kisha akaiweka chini.

Ijumaa, 4 Aprili

Cheche amemaliza viungo. Hata nyaya za breki na za gia kaziwekea mahali pa kuachana. Tumetoka kwenye mvua kujaribu. Kwenye mteremko wa kwanza Redio akaacha kukanyaga.

"Kuna kitu kinasema tik."

"Ni mvua."

"Mvua haisemi tik kila mguu wa kushoto ukishuka."

Mimi sikusikia chochote, na nikamwambia hivyo, kwa ukali. Hakukanyaga. Ikabidi nisimame. Kiungo cha chini kilikuwa kimelegea, nilipokikaza spana ilizunguka karibu nusu. Kwa mwendo ule, na kona iliyokuwa mbele yetu, sitaki kufikiria.

Siku zote nimejiona kama mimi ndiye ninayemchukua Redio mahali. Leo nimeendesha nyumbani taratibu nikiwaza nani anamchukua nani.

Jumanne, 8 Aprili

Mazoezi ya kufunga. Duka la baiskeli limetupa katoni mbili zinazokuja na baiskeli mpya. Begi langu nimelikata katikati (mkasi ulipoingia niliuma meno) na kila nusu imekuwa blanketi la katoni moja. Mume wangu alipiga magoti mbele ya sanduku lake, akang'oa vijigogo vyote, akavipiga msasa upya. Kile cha uma kinaenda mbele, kimoja kama hicho kakichonga cha kushika chuma cha nyuma, pale gurudumu linapotoka.

Mimi nilifunga ya mbele, Redio ya nyuma. Pedali ya kushoto ilinishinda nikaanza kuitukana, mpaka Redio akanikumbusha kwamba ya kushoto hufunguliwa kinyume. Alimaliza kabla yangu. Yangu ilipotikiswa ililia njuga, nilikuwa nimesahau kufunga cheni. Yake ilinyamaza kimya.

Sanduku nimelivalisha sponji na kitambaa cha kijani. Sasa ni kochi. Mama kalikalia, kasema afadhali, mtoto aliyekataa kutoka kapata kazi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua imepungua. Sina la kuandika.

Jumamosi, 12 Aprili

Uwanja wa ndege. Mama kaja nasi, kaingia kwenye gari bila ubishi, kakaa dirishani.

Kwenye mizani alikuwa yule dada wa simu. Nilipofungua tu mdomo akanyanyua kichwa. "Ninyi ndio wa mita mbili?" Akazitazama katoni, akatutazama, akapima zote mbili. Zimepita. Akauliza tumefanyaje.

"Tumeomba ruhusa," Redio akasema.

Mama aliiegemea katoni ya nyuma kwa kiganja hadi ilipobebwa na mkanda wa mizigo. "Hii msiiwekee kitu juu," akamwambia dada wa mizigo, kwa sauti aliyowaamrishia wanawake wasukume. Dada yule akajibu, "Ndiyo, Mama."

Jumapili, 13 Aprili

Tumefika. Katoni ya mbele imefika. Ya nyuma haijafika.

Tulisimama pale mpaka mkanda ukazimwa. Redio alikuwa ameshausikia ukizunguka mtupu kabla sijamwambia. Mtu wa mizigo wa huku ni mpole, kasema huenda imebaki tulikobadilishia ndege, huenda itakuja kesho. Huenda. Mashindano ni keshokutwa.

Mama alipiga. Redio hakuichukua simu, kanisukumia mimi. Nikasema tumefika salama, nikasema mtandao mbaya, nikakata. Sijawahi kumkatia Mama simu maishani.

Nina nusu ya baiskeli kando ya kitanda hotelini. Ni nusu ya baba. Ina usukani, ina breki, inapendeza, na peke yake haiendi popote. Redio amelala na nguo. Anataka tuwe pale mkanda utakapowashwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Ndege ya kwanza, hakuna. Redio akakataa tuondoke. Nikamwambia tule, akasema ule wewe.

Ndege ya pili. Nilikuwa nimeketi sakafuni nimechoka kutazama masanduku ya watu, Redio akanishika bega. "Inakuja."

"Umejuaje?"

"Inayokuja haina njuga."

Ilikuwa yenyewe. Kona moja imechanika, imelowa, na alama ya kiatu cha mtu juu yake. Tuliifungua pale pale sakafuni, watu wakitupita. Blanketi la turubai limekunywa maji yote, ndani kukavu. Kijigogo cha mume wangu kimepasuka katikati. Chuma alichokuwa akikishika hakijapinda hata unywele.

Tulibeba kila kitu nje, kwenye maegesho, nikaunga mbele na nyuma. Redio alikaza viungo vyote vitatu mwenyewe, akavigonga kwa spana kimoja kimoja, akasikiliza, akarudia kile cha chini. Kisha akaligusa kovu na kupanda.

Tulizunguka maegesho. Hakuna tik. Mzunguko wa pili simu ikalia mfukoni mwake, na nikajua ni nani, kwa hiyo sikusimama. Akaiweka sauti ya juu.

"Jana mlinikatia," Mama akasema. "Semeni kweli. Kipande changu kimefika?"

"Kimefika, Mama," Redio akapiga kelele kwenye upepo. "Nimekikalia."

Mimi nikaendelea kukanyaga.

"Basi ulizeni kama na mimi nataka kupanda mkirudi," akasema.

Tukamuuliza.